Madaktari Waliofuata Nyayo za Kipindupindu

Maji yatokayo katika misitu ya Uluguru ni ya baridi na maangavu. Lakini kabla hayajafika Msamvu yamekwisha kupita kando ya mashamba na nyumba nyingi. Akaaye chini hunywa alichokitupa akaaye juu, na si kila uchafu uonekanao kwa macho. Neno hili lilijulikana baada ya vifo vya watu wengi.

Mwaka 1854 kipindupindu kilizuka London, katika mtaa wa Soho. Siku zile waganga wengi walisadiki ya kuwa ugonjwa huo huletwa na hewa yenye kunuka. Daktari John Snow hakukubali. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akauliza waliokufa walikuwa wakiteka maji wapi. Akaona ya kuwa wengi wao waliteka katika bomba moja la Broad Street. Tena palikuwa na kiwanda cha pombe karibu na bomba lile. Wafanyakazi wake walikunywa pombe, na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Hakufa hata mmoja. Je, wao hawakuvuta hewa ile ile?

Tarehe 8 Septemba wakubwa wa mtaa waliuondoa mkono wa bomba, watu wasiweze kuteka. Ugonjwa ulikuwa umekwisha anza kupungua, lakini mlango mmoja wa mauti ulifungwa. Snow alikufa mwaka 1858, kabla wengi hawajamsadiki.

Mwaka 1869 kipindupindu kilifika Unguja, kikaua maelfu ya watu. Daktari James Christie, Mskoti, alikuwa akiganga huko. Aliwauliza wafanya biashara na wasafiri wa bara, akatambua ya kuwa safari hii ugonjwa ulikuja kwa nchi kavu, ukapita nchi ya Wamasai hata Pangani, ndipo ukavuka bahari. Habari hizo alizitia katika kitabu mwaka 1876.

Madaktari hao walikuwa hawana dawa ya kuaminiwa. Lakini waliuliza, wakahesabu, wakaandika. Basi nawe chemsha maji ya kunywa, nawa mikono utokapo chooni, wala choo kisichimbwe karibu na kisima.

Maswali
1. Kwa nini wafanyakazi wa kiwanda cha pombe hawakufa?
2. Ugonjwa ulipitia wapi hata ukafika Unguja?
3. Maji ya kwenu hutoka wapi, na nani akaaye juu yenu?