Ujumbe wa "Muunganisho si Salama": Kwa Nini Usibonyeze "Endelea"

Uko stage unangoja matatu, bando imeisha, na karo ya mtoto lazima ilipwe leo. Unaingia kwenye wifi ya bure ya mkahawa ulio karibu, unafungua ukurasa wa malipo, kisha unaona: "Muunganisho si salama." Chini yake kuna kitufe cha kuendelea. Haraka yako inakuambia ubonyeze. Sisi tunakuomba usibonyeze, na hii hapa sababu.

Simu hufanya nini kabla ya kutuma PIN yako?

Kwanza, simu huiuliza seva: wewe ni nani? Seva hutoa cheti, ambacho ni kama kitambulisho. Simu hukagua mambo matatu: je, jina kwenye cheti ni lile la tovuti uliyoiomba? Je, muda wake haujaisha? Na je, kimetiwa sahihi na shirika ambalo simu yako inaliamini?

Seva pia lazima ithibitishe kwamba cheti hicho ni chake, si cha kuokota. Hapo ndipo simu na seva hukubaliana ufunguo wa siri wa mazungumzo hayo. Kuanzia hapo, kila kitu husafiri kwa mafumbo. Mtu akinasa mawimbi ya wifi hiyo, hataisoma PIN yako.

Mbona ukaguzi uje kwanza?

Kwa sababu tapeli anaweza kuweka wifi yenye jina sawa na la mkahawa, akajifanya ndiye seva yetu. Mazungumzo yenu yatakuwa ya siri kabisa, lakini ufunguo anao yeye! Ni kama kufunga bahasha vizuri kwa gundi, halafu kumkabidhi mwizi.

Programu yetu ikiona cheti kina kasoro, hukata muunganisho papo hapo. Haina kitufe cha kuendelea. Lakini wapo watengenezaji wa programu ambao huzima ukaguzi huu wakati wa majaribio, kisha husahau kuuwasha. Ndiyo maana tunasisitiza upakue programu kutoka duka rasmi la simu yako, si kwa linki uliyotumiwa.

Ukiona onyo, fanya hivi:

1. Simama. Usiweke PIN.
2. Angalia tarehe na saa ya simu. Zikiwa na makosa, hata cheti halali kitaonekana kimeisha muda.
3. Toka kwenye wifi hiyo. Tumia bando yako, au huduma ya kupiga nyota na reli, ambayo haitumii intaneti.
4. Onyo likirudi, tupigie kwa nambari iliyo ndani ya programu, si ile iliyokuja kwa SMS.
5. Kama ulishaweka PIN, ibadilishe sasa hivi ukitumia mtandao mwingine, kisha utujulishe.

Na ile alama ya kufuli?

Kufuli inamaanisha mazungumzo yako na tovuti hiyo yamefichwa. Haisemi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu. Hata tapeli anaweza kupata cheti halali, tena bila malipo, kwa tovuti yake yenye jina linalofanana na letu. Soma jina herufi kwa herufi.

Karo inaweza kungoja dakika tano. Pesa zikishaenda kwa tapeli, kuzirudisha ni kazi ngumu.