Minara ya taa: anzia Kigomasha

SWALI: Nataka kwenda pwani mwezi Januari kupiga picha za minara ya taa. Nianzie wapi?

JIBU: Ukiniuliza mimi, anzia Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini-magharibi ya Pemba. Njia inapita Konde na msitu wa Ngezi. Mnara wake ni wa chuma. Muone mlinzi kwanza, umwamkie, ndipo uombe kupanda. Fika alasiri, kwani jua la mchana hufubaza kila kitu.

Kabla ya kukata tiketi, tazama mwezi. Siku za bamvua, yaani mwezi mpevu au mwandamo, maji hupwa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Kwa hiyo siku moja inakupa picha mbili: asubuhi miamba na mwani, jioni bahari imefura. Siku za maji mafu hupati tofauti hiyo.

Stendi ya kamera usiisahau, maana upepo wa kaskazi hautulii. Lenzi nayo ifutwe kila mara. Chumvi huganda kama ukungu. Nungwi, Unguja, kuna mnara pia, ila ulizia ruhusa kabla hujatoa kamera. Droni bila kibali iache nyumbani.