Vizibo Saba Mfukoni

*Mume wangu amekamatwa mara ya tatu akiendesha gari akiwa mlevi. Mara mbili za kwanza faini nililipa mimi, moja kwa pesa za chama, ya pili kwa mkopo wa Sacco ambao naulipa hadi leo. Mara hiyo ya pili korti ilimnyima leseni mwaka mzima, na mwaka wenyewe haujaisha. Si mtu mbaya. Hanipigi, karo analipa, na asubuhi ndiye huwapeleka watoto shule. Siku hizi nimepata mbinu: akitoka jioni namwambia aende na kijana wetu wa miaka tisa, maana akiwa na mtoto huendesha polepole na hurudi mapema. Juzi nikifua kaptula ya kijana nilikuta vizibo saba vya bia mfukoni. Akaniambia huokota kila chupa ikifunguliwa, ili anihesabie vizuri. Kesi itatajwa wiki ijayo. Shemeji anasema kuna mtu wa kuongea naye pale kortini. Nifanye nini mume wangu asifungwe?*

*Mama wa Watatu, Nakuru*

Mwanangu, barua yako nimeipunguza sana, lakini hapo kwenye kaptula sikugusa hata neno. Umepapitia mbio, katikati ya habari za faini na mkopo, kana kwamba ni mambo ya kufua nguo tu. Mimi sikuweza kupapita.

Mtoto wa miaka tisa yuko baa usiku. Chupa ikifunguliwa anainama chini ya meza, anaokota kizibo, anakitia mfukoni. Huenda baba anadhani mtoto anacheza. Mtoto hachezi, yuko kazini, na kazi hiyo umempa wewe. Anajua akifika nyumbani ataulizwa hesabu. Anajua pia kwamba gari likianza kuvuka mstari, humo ndani hakuna mtu mzima mwingine wa kupiga kelele. Umemgeuza mwanao kuwa breki ya gari la baba yake.

Unasema akiwa na mtoto huendesha polepole. Mlevi wa polepole bado ni mlevi. Jicho lake linachelewa kuona, mguu unachelewa kukanyaga, na lori linaloteremka kutoka upande wa Eldoret halitampunguzia kasi kwa kuwa amebeba mtoto. Wewe ni mtu wa Nakuru. Habari za ajali za Salgaa na Migaa huhitaji kusimuliwa na mimi.

Sheria ya vileo ya mwaka 2010, ile tuliyozoea kuiita sheria ya Mututho, inamkataza mwenye baa kumruhusu mtu wa chini ya miaka 18 aingie mahali pombe inaponywewa. Kwa hiyo mtoto hata hapo mlangoni hakutakiwa kufika. Baba alimwingiza, mwenye baa akanyamaza, na mama akiwa nyumbani alisubiri ripoti. Watu wazima watatu, na hakuna aliyemwambia kijana aende akalale kwa sababu kesho ni shule.

Najua kwa nini ulifanya hivyo. Umejaribu kusema, umejaribu kulia, umejaribu kununa, na siku ulipomtuma mtoto mume akarudi saa nne badala ya saa sita. Ukaona dawa imefanya kazi. Lakini soma tena hivyo vizibo. Saba, na hiyo ni siku aliyokuwa na mtoto. Siku anazokwenda peke yake hakuna anayehesabu.

Sasa tuje kwenye asubuhi, kwa sababu nayo umeiandika kama sifa yake. Chupa moja ya bia ya nusu lita ina takriban gramu 17 za pombe halisi, au zaidi ikiwa ni kali. Ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 10 kwa saa, wengine chini ya hapo, wengine juu kidogo. Chupa saba ni kazi ya zaidi ya saa 11. Kahawa haiongezi kasi hiyo, supu haiongezi, kuoga maji baridi hakuongezi. Mtu huamka akiwa ameoga, amevaa shati safi, anaongea vizuri, na pombe bado imo kwenye damu. Siku aliyorudi saa sita usiku, na hujui alikunywa ngapi, saa kumi na mbili na nusu unamkabidhi watoto wote watatu. Alkoblo ya usiku, kile kipimo cha pumzi cha polisi, ndiyo imemkamata mara tatu. Ya asubuhi hajakutana nayo bado.

Unasema si mtu mbaya, nami nakuamini. Mtu anayejua leseni imezuiwa, anayejua kesi mbili zimeshapita, anayejua mkewe anakatwa mshahara kwa ajili yake, na bado jioni anachukua funguo, huyo pombe imeshamshika. Shirika la Afya Duniani linauhesabu utegemezi wa pombe kuwa ugonjwa, na sina ubishi nalo. Ila ugonjwa haumpi mtu ruhusa ya kuendesha. Mama anayevuka barabara na mtungi wa maji hana habari kama aliyemgonga alikuwa mkorofi au mgonjwa.

Na hapa ndipo sitakubaliana na wewe, wala na wengi watakaosoma ukurasa huu. Unaniuliza jinsi ya kumwepusha na adhabu. Mwanangu, mumeo hajawahi kuadhibiwa. Faini ya kwanza waliilipa akina mama wa chama. Ya pili unailipa wewe kila mwisho wa mwezi. Leseni ilizuiwa kwenye karatasi tu, kwa sababu gari lilibaki uani, funguo zikabaki juu ya kabati, na akizichukua unamwongezea abiria. Korti ilijaribu mara mbili kumfikia, na mara zote mbili ulisimama katikati ukapokea kipigo wewe. Halafu tunashangaa kwa nini kuna mara ya tatu.

Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki kinasema anayepatikana na hatia hii anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, au afungwe kwa muda usiozidi miaka miwili, au vyote, na azuiwe leseni miezi 12. Akiua mtu, kifungu cha 46 kinafikisha miaka 10. Kuendesha wakati korti imekuzuia ni kosa jingine peke yake. Hakimu atayaona hayo yote kwenye faili.

Je, nataka afungwe? Kwa mtu aliyerudia hivi, faini peke yake naiona ni dhuluma kwa wenye kulipa na kwa wenye kutembea kando ya barabara. Jela peke yake nayo inamtenga na chupa kwa miezi kadhaa, kisha inamrudisha kwenye baa ileile akiwa hana kazi. Adhabu ya haki kwake ni ile itakayomgusa yeye mwenyewe na kumzuia asishike usukani: leseni iondoke kwelikweli, matibabu yawe amri ya korti na si ahadi ya mezani, na kazi ya jamii mchana kweupe, watu wakimwona. Sheria ya hiyo kazi ya jamii tunayo tangu mwaka 1998, na inamruhusu hakimu kumpa mtu huduma kwa jamii pale kifungo chake kisingezidi miaka mitatu. Uangalizi wa probesheni pia upo. Akipewa nafasi hiyo akaivunja, afungwe, na wewe usiende kukopa.

Kwa hiyo wiki ijayo usitafute mtu wa kuongea naye. Shemeji mwambie hongo ni kosa, na hata ingefaulu ingemrudisha mumeo barabarani jioni hiyohiyo. Hakimu akiagiza ripoti, afisa wa probesheni atafika nyumbani kwako. Mkaribishe, mpe kiti, mweleze yote: leseni, mkopo, na vizibo. Utaona aibu, na utaogopa atakuuliza kwa nini mtoto alikwenda. Muulize na wewe watoto wako walindwe vipi. Mficha maradhi, kilio humfichua, na kilio unachokikaribisha ni cha mtoto.

Gari lisiendeshwe na yeye tena, si jioni si asubuhi. Funguo zitoke nyumbani, zikae kwa mtu asiyemwogopa. Mtoto wa shule hufika kwa miguu, kwa matatu, au kwa basi la shule, na nauli ya muhula mzima haitafika faini moja ya zile ulizolipa. Akikwambia unamdhalilisha mbele ya majirani, mjibu kwamba leseni haikuondolewa na majirani.

Kuhusu pombe yenyewe, nakuonya jambo moja. Kama anakunywa kila siku, usimfungie ndani ukamwambia aache leo. Mwili uliozoea pombe kwa muda mrefu ukiikosa ghafla hutetemeka, mtu huona visivyokuwepo, wengine hupata degedege, na wapo wanaokufa. Aanzie hospitali, apimwe, apewe dawa za kumvusha siku za mwanzo. Hospitali ya Mathari kule Nairobi inajulikana kwa kazi hii, na hospitali ya rufaa ya kaunti yenu itakuelekeza ya karibu. Baada ya hapo kuna ushauri nasaha na mikutano ya walevi wanaosaidiana, ule utaratibu ulioanza Marekani mwaka 1935. Wengi huanguka tena kabla ya kusimama. Ndiyo maana nimesema funguo zisirudi hata akikaa mwezi mzima hajaonja.

Kijana usimwache hivihivi. Mtafute saa ametulia, mkae wawili. Mwambie alichofanya kilikuwa kazi ya watu wazima na kwamba wewe ulikosea kumpa. Mwambie baba anaumwa na atatibiwa na madaktari. Usimuulize tena baba amekunywa ngapi, hata siku ukiungua moyo kujua. Mtoto aliyezoea kuulizwa ataendelea kuangalia mikono ya baba yake kwa miaka, akijilaumu kila chupa inayozidi. Akitaka kukuonyesha kizibo, kipokee, kitupe, mwambie aende akacheze. Mwalimu wake naye ajue kidogo, ili akimwona anasinzia darasani asimchape maneno.

Mumeo anaweza kukasirika. Anaweza kuhamia kwa kaka yake kwa muda, na nyumba itasema umemfukuza. Vumilia hayo. Watoto watatu watakuwa wamelala kwenye vitanda vyao saa mbili usiku, na hakuna atakayekuwa kwenye barabara ya Eldoret akihesabu.

Nambari ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192. Haina malipo, na unaweza kuipiga wewe mwenyewe hata kama mumeo amekataa msaada. Ipige kabla ya kesi kutajwa.