SOMO: Kuhifadhi Maagizo ya Ruta



Mwaka uliopita, katika kiwanda kimoja cha wilaya yetu, mshahara ulichelewa siku nne. Umeme ulikatika usiku, na uliporudi mtandao haukurudi. Orodha ya mishahara haikuweza kwenda benki, na fundi alikuwa likizo. Lawama ikamwangukia mlinzi wa zamu, eti alichezea nyaya. Tulipokwenda kumtetea tulijifunza jambo ambalo kila mfanyakazi anafaa kulijua.

Ruta ni nini? Ni kile kisanduku kinachounganisha kompyuta za kiwanda na mtandao wa nje. Hufanya kazi kwa maagizo aliyoyaandika fundi: habari zipite njia ipi, na nani azuiwe.

Ruta za Cisco zina maagizo ya aina mbili. Kwanza, maagizo yanayotumika sasa. Haya hukaa katika kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika. Pili, maagizo ya kuanzia, yanayokaa katika kumbukumbu isiyofutika. Ruta ikiwashwa husoma haya ya pili.

Chukueni mfano wa karani wa mizani ya chai. Akiandika kilo za majani ubaoni kwa chaki, mvua ikinyesha zimekwisha. Akizinakili daftarini, zipo.

Fundi yule alibadili maagizo miezi mingi nyuma. Kazi ikaenda vizuri, lakini hakuyahifadhi. Umeme ulipokatika, ruta ikaamka na maagizo ya zamani, ya njia isiyotumika tena. Mlinzi hakuwa na kosa, akabaki kazini. Wala hatukumtupia fundi lawama zote: alikuwa peke yake, bila msaidizi wala daftari.

Utaratibu unaofaa ni huu:

1. Kabla ya kubadili lolote, chukua nakala ya maagizo yaliyopo.

2. Badili, kisha jaribu. Usihifadhi kabla ya kujaribu. Maagizo mapya yakiwa mabaya, zima ruta na uiwashe. Ya zamani yatarudi.

3. Yakiwa mazuri, hifadhi siku hiyo hiyo. Kwenye Cisco fundi huandika: copy running-config startup-config.

4. Weka nakala yenye tarehe katika kompyuta nyingine au flashi, na ikae jengo lingine. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 liliangusha majengo hapa Rusizi na ng'ambo Bukavu. Nakala inayolala kando ya ruta huangamia pamoja nayo.

5. Nakala ifungiwe kwa ufunguo, maana ndani yake mna maneno ya siri ya kiwanda.

6. Andika daftarini tarehe, kilichobadilishwa na jina la aliyebadilisha. Daftari hili ni ngao ya mfanyakazi siku ya lawama.

7. Watu wawili au zaidi wajue kurudisha nakala, na wafanye zoezi hilo kabla ya siku ya shida. Ujuzi wa kichwani mwa mtu mmoja si nakala: akiugua au akiacha kazi, huondoka naye.

Haya yanatuhusu sisi wa shambani na wa mashineni pia, kwa sababu kilo zetu na mishahara yetu hupita humo.

Maswali ya kujadiliana tawini:

1. Kiwandani kwenu, nakala ya maagizo ya ruta inawekwa wapi?

2. Fundi akiwa likizo, nani anaweza kuirudisha?

3. Mwenzenu akilaumiwa kesho, lipo daftari la kumtetea?