Mandala, Wenela na Utandawazi: Majina ya Makampuni ya Kigeni katika Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

1.0 Utangulizi

Katika maandishi mengi ya Kiswahili kuhusu uchumi, neno utandawazi hutumiwa kana kwamba linataja jambo lililozuka katika miaka ya 1990, pamoja na soko huria, ubinafsishaji na intaneti. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba katika mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa mfuatano huo wa matukio hausimami. Huko kampuni ya ng'ambo iliitangulia dola ya kikoloni, na kwa kiasi fulani ndiyo iliyoivuta dola hiyo ije. Aidha, makala yanadai kwamba historia hiyo imefifia kwa sababu ya msamiati wenyewe: jinsi makampuni yalivyozidi kukua na kwenda mbali, ndivyo majina yake yalivyozidi kumficha mtenda.

Itungi, bandari ya Tanzania katika wilaya ya Kyela, ni mahali pafaapo kwa uchunguzi wa aina hii. Si mbali na hapo Mto Songwe unamwaga maji yake ziwani, na mto huo ndio mpaka wa Tanzania na Malawi. Wanyakyusa wa upande mmoja na Wangonde wa upande wa pili ni watu wa asili moja, wenye lugha zinazokaribiana sana. Mpaka uliowatenga una historia yake, nayo inaanzia katika duka.

2.0 Mandala

Mwaka 1878 wafanyabiashara wa Glasgow, wengi wao wakiwa wafadhili wa misheni ya Livingstonia, waliunda kampuni iliyokuja kujulikana kama African Lakes Company. Mameneja wake wa kwanza walikuwa ndugu wawili, John na Frederick Moir. John alivaa miwani, na watu wa Blantyre wakampa jina la Mandala, kutokana na mng'ao wa vioo vyake. Frederick aliitwa Chindevu, jina ambalo msemaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa. Jina la Mandala lilihama kutoka kwa mtu likaenda kwa nyumba yake, kisha kwa duka, na hatimaye kwa kampuni nzima, hata upande wa Malawi jina hilo likazoeleka kuliko lile lililosajiliwa Uskoti.

Jambo hili lastahili kuzingatiwa. Jina la Mandala lina uso. Aliyelitamka alikuwa akimtaja mtu mwenye miwani, ambaye aliweza kuonekana, kudaiwa na hata kutukanwa.

Nia iliyotangazwa na Kampuni ilikuwa kuleta biashara halali mahali pa biashara ya utumwa. Kiini cha biashara hiyo kilikuwa pembe za ndovu, zilizonunuliwa kwa nguo, shanga na waya wa shaba, kisha zikasafirishwa kwa njia ya Shire na Zambezi hadi baharini. Mwaka 1881 James Stevenson, tajiri wa Glasgow na mmoja wa wakuu wa Kampuni, alijitolea kugharimia barabara ya kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Barabara hiyo haikukamilika, ila iliifanya Karonga, kusini kidogo ya Songwe, kuwa kituo muhimu cha Kampuni upande wa kaskazini.

Wauzaji wakubwa wa pembe walikuwa wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu, na kati yao mwenye nguvu alikuwa Mlozi bin Kazbadema. Basi hapa hadithi ya kawaida, ile ya Wakristo waliopigana na wauza watumwa, inahitaji kusahihishwa. Wapinzani hao walikuwa kwanza muuzaji na mnunuzi. Miongoni mwa sababu zinazotolewa na wanahistoria kuhusu ugomvi wao ni kwamba ghala la Kampuni liliishiwa nguo, na waliokuwa wameleta pembe wakalazimika kungoja malipo. Watu wenye silaha waliokaa wakingoja katika nchi ya wenyewe hawakukosa kuleta madhara. Mwaka 1887 Mlozi alijitangaza kuwa sultani wa nchi ya Wangonde, na mwezi wa Oktoba mwaka huo watu wake waliwaua Wangonde wengi huko Kambwe. Walionusurika walikimbilia kaskazini, wakavuka Songwe na kupokelewa na ndugu zao Wanyakyusa.

3.0 Kampuni yapigana, dola yapima mpaka

Vita vilivyofuata vilikuwa vita vya kampuni. Waajiriwa wa duka walichimba mahandaki. Watu wa kujitolea walikusanywa, na mwaka 1888 kikosi chao kiliongozwa na Kapteni Lugard, ambaye alijeruhiwa mwezi wa Juni katika shambulio lisilofaulu. Serikali ya Uingereza haikuwa imetaka nchi hiyo. Mwaka 1885 Kampuni ilikuwa imekusanya mikataba ya machifu kwa matumaini ya kupewa hati ya kutawala, lakini London haikuitoa. Kilichobadili hali ni udhaifu wa Kampuni. Ilikuwa imeingia katika vita isivyoweza kuvigharimia, ikaanza kutegemea fedha za Cecil Rhodes, na mwaka 1893 kampuni yake, British South Africa Company, ikaimeza. Harry Johnston alifanya suluhu na Mlozi mwaka 1889, kisha akarudi na jeshi mwaka 1895 na kumnyonga.

Katikati ya mambo hayo, tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilitia sahihi mapatano yaliyouweka mpaka katika Songwe. Karonga, mahali pa duka, ilibaki kwa Waingereza; Itungi na nchi yote ya Wanyakyusa ikawa ya Wajerumani. Itakuwa kutia chumvi kusema kwamba ghala la nguo peke yake ndilo lililochora mpaka huo. Hata hivyo, mtu anayetaka kueleza kwa nini mstari ulipita pale, kati ya watu wa asili moja, hawezi kuliruka duka la Karonga.

4.0 Wenela

Enzi ya pili inaweza kuelezwa kwa ufupi. Migodi ya dhahabu ya Witwatersrand iliajiri watu kupitia chombo cha pamoja, Witwatersrand Native Labour Association, ambacho herufi zake nne, WNLA, zilitamkwa Wenela. Mwaka 1913 Afrika Kusini ilipiga marufuku kuwaajiri watu kutoka kaskazini ya latitudo 22 kusini, kwa kuwa walikuwa wakifa kwa wingi, hasa kwa nimonia. Katika miaka ya 1930 marufuku hiyo iliondolewa, na mkono wa Wenela ukafika hadi kusini-magharibi mwa Tanganyika. Tofauti na Mandala, Wenela si mtu. Ni herufi zilizogeuzwa kuwa neno na vinywa vya watu wasioandikiwa maana yake. Linafanana kwa mbali na manamba, jina la vibarua wa mashamba ya mkonge, lililotokana na namba: katika majina yote mawili uso umetoweka, ila bado kuna kitu kinachotajwa.

5.0 Kutoka ubeberu hadi utandawazi

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Kiswahili cha siasa kilikuwa na istilahi kali: ubepari, ubeberu, ukoloni mamboleo. Kisarufi maneno haya yana sifa moja. Nyuma ya ubepari kuna bepari, nyuma ya ubeberu kuna beberu, na nyuma ya ukoloni kuna mkoloni. Huenda maneno hayo yalitumiwa ovyo mara nyingi, hata yakachosha, lakini kila moja lilimlazimisha msemaji awe tayari kujibu swali "ni nani?"

Utandawazi haulijibu swali hilo. Sehemu zake mbili, tanda na wazi, zinaleta picha ya kitu kinachoenea chenyewe, mfano wa mawingu. Mtandawazi ni neno ambalo halijazoeleka. Mzaha wa utandawizi, unaosikika tangu neno lilipoenea, unaweza kuonwa kuwa jaribio la kumrudisha mtenda: penye wizi lazima awepo mwizi. Istilahi nyingine nayo haisaidii. Tukisema shirika la kimataifa, msikilizaji hajui kama linatajwa shirika la Umoja wa Mataifa au kampuni ya sabuni; na kivumishi hicho kinaficha kwamba makampuni mengi ya aina hii yana makao makuu katika mji mmoja unaojulikana.

Historia imeleta kichekesho hapa. Mwishoni mwa karne ya 20, wakati neno utandawazi lilipokuwa likienea, Mandala ile ile, ikiwa sasa African Lakes Corporation, iliinunua Africa Online, kampuni ya intaneti iliyoanzishwa na vijana wa Kenya mwaka 1994. Mwaka 2007 Africa Online ikaingia mikononi mwa Telkom ya Afrika Kusini. Kwa hiyo lililodhaniwa kuwa jambo jipya kabisa lilikuwa, kwa muda, mali ya wanunuzi wa pembe wa Karonga.

Kyela ya leo ina kokoa. Miongoni mwa wanunuzi wake ilikuwamo Biolands, iliyonunua kokoa ya kilimo-hai kwa wakulima wadogo, na ambayo Barry Callebaut ilikuja kuwa na hisa ndani yake. Barry Callebaut ilizaliwa mwaka 1996 kwa kuunganishwa kampuni ya Ubelgiji na ya Ufaransa, na makao yake yako Zurich. Kuanzia mwaka 2018 kokoa ya Kyela imewekwa katika mfumo wa stakabadhi ghalani na kuuzwa kwa mnada kupitia vyama vya msingi. Mnada una faida moja inayohusu lugha, mbali na ile ya fedha: huwa na mshindi, na mshindi ana jina.

Juu ya mnada, hata hivyo, ipo bei ya London na New York. Mwaka 2024, mavuno yalipoharibika Ghana na Kodivaa, bei hiyo ilipita dola 10,000 kwa tani. Kwa Kiswahili husemwa kwamba bei imepanda. Kauli hiyo huifanya bei kuwa kiima, kana kwamba imekwea yenyewe kama mtu akweaye mnazi, "imepandishwa", yenye kudai kuulizwa "na nani?", husemwa zaidi pale anapolaumiwa mwenye duka wa jirani.