Prolaktini imepanda kidogo: ndiyo inayozuia mtoto wa pili?

SWALI: Mtoto wetu ana miaka minne, na mwaka mmoja na nusu sasa tunatafuta wa pili. Hedhi yangu haikosi, ila nimeambiwa homoni ya prolaktini iko juu kidogo. Nianze dawa? – Mama wa Msangeni, Upare

JIBU: Bado, dada yangu. Kipimo kimoja hakitoshi kukubebesha vidonge. Prolaktini hupanda ukinyonyesha, ukiwa na wasiwasi, ukitumia baadhi ya dawa za kichefuchefu, hata tezi ya shingo (thairoidi) inapofanya kazi kwa ulegevu. Rudia kipimo asubuhi ukiwa umetulia, na tezi ipimwe pia. Hedhi inayokuja kwa mpangilio huashiria kwamba yai linapevuka, kwa hiyo kuzidi huko kidogo hakuelekei kuwa kiini cha tatizo. Mimi ningetazama mirija ya uzazi kwanza. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa miaka ya 1980 ulionyesha kwamba barani Afrika mirija iliyoharibiwa na maambukizi ilikuwa sababu kubwa ya ugumba, na maambukizi hayo huweza kuingia baada ya kujifungua au mimba kuharibika. Utasema, mbona wa kwanza alipatikana bila shida? Kuzaa kwako kunathibitisha hali ya wakati ule tu. Vivyo hivyo kwa baba: mbegu hupungua kwa maradhi, sigara, pombe na umri, naye apimwe sasa hivi, maana kipimo chake ni chepesi kuliko vyako vyote. Ombeni rufaa ya kwenda hospitali ya KCMC, Moshi, mwende wote wawili. Kama umepita miaka 35, msingoje zaidi.