Chai ya Saa Nne Shule za Kulipia: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Maagizo haya ni kwa wenye shule binafsi, wapishi wao, na wazazi wanaolipa ada. Yanahusu watoto wa chekechea hadi darasa la tatu, wale wanaopandishwa basi la shule alfajiri usingizi haujawatoka. Wengi wanaondoka nyumbani tumbo tupu, kwa hiyo kinachogawiwa saa nne ndicho mlo wao wa kwanza. Mlo wa kwanza wa siku hauwezi kuwa biskuti.

USIWAPE soda wala juisi za boksi. Nyingi zina gramu 10 hadi 12 za sukari kwa kila mililita 100, maana yake boksi la mililita 250 limebeba vijiko vya chai 6 au 7. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari ya namna hii isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtoto wa miaka 5 hivyo ni kama vijiko 8, na bora visizidi 4. Boksi moja tu saa nne asubuhi limekaribia kummalizia fungu lake, na bado hajarudi nyumbani kwenye chai ya jioni. Wala usinijibu kwamba boksi limechorwa embe. Wape embe lenyewe.

WAPE maji safi ya kunywa, kila darasa, muda wote. Hapa hakuna mjadala.

USIGAWE chai ya rangi. Majani ya chai huzuia mwili kufyonza madini chuma yaliyomo kwenye chakula, na Tanzania zaidi ya nusu ya watoto walio chini ya miaka 5 wana upungufu wa damu. Chemsheni maziwa, au pikeni uji.

PIKENI uji, lakini acheni kutamba na unga wa lishe wenye nafaka saba, soya, karanga na ufuta, kana kwamba wingi wa viambato ndio ubora. Soya ikisagwa mbichi, bila kuchemshwa au kukaangwa kwanza, huzuia mmeng'enyo wa protini. Karanga zilizoota ukungu zikishasagwa hazionekani tena, na sumukuvu iliyomo haimalizwi na moto wa jikoni. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi yaliyokuwa ndani ya nyumba zao wenyewe. Basi tumieni nafaka moja au mbili, zilizokaushwa vizuri na kuchambuliwa. Karanga nunueni nzima, mzichambue kwa macho yenu, ndipo msage. Mpishi anayenunua unga uliokwisha kuchanganywa, asioujua umetoka wapi, asimamishwe.

USIMPE mtoto wa chini ya miaka 5 karanga nzima, korosho nzima, bisi, pipi ngumu, wala soseji iliyokatwa vipande vya duara. Humkaba koo.

USIRUDIE mafuta yaliyokwisha kuwa meusi. Mwaga. Andazi mara moja kwa wiki halina neno. Andazi la kila siku ni unga mweupe na mafuta mwaka mzima.

WEKENI kwenye ratiba mihogo ya kuchemsha, viazi vitamu, magimbi, mahindi mabichi, ndizi mbivu, papai, chungwa. Muhogo ni wanga, hautoshi peke yake. Uambatane na yai la kuchemsha au maharage. Wenye shule wengi wanalijua hili, ila wanamwogopa mzazi. "Nalipa mamilioni, mwanangu aje ale muhogo?" Akishasema hivyo, shule inayolinda biashara yake inarudisha soseji na biskuti za krimu, na kila mtu anaridhika isipokuwa mwili wa mtoto. Mzazi huyu asibembelezwe. Aambiwe kikaoni, mbele ya wenzake, kwamba tumbo la mtoto halina habari na ada.

USIPOKEE keki ya bethidei kila inapoletwa. Darasa la watoto 30 lina siku za kuzaliwa 30, yaani kwa wastani kila wiki mbili hivi kuna keki, soda na mfuko wa pipi wa kwenda nao nyumbani. Unganisheni sherehe za mwezi mzima siku moja, na tikiti maji liwepo mezani.

USIMZAWADIE mtoto pipi kwa kujibu swali. Apigiwe makofi.

USIRUHUSU ndani ya uzio duka la barafu za rangi, ubuyu mwekundu na krispi. Shule iliyokwisha kutoza hela ya chakula haina haki ya kuchuma mara ya pili kwenye sarafu za watoto.

HAKIKISHENI mpishi na wasaidizi wake wamepimwa afya, na sabuni ipo kwenye bomba la watoto, siyo ofisini kwa matroni.

Mzazi, kikao kijacho usianze na matokeo ya mtihani. Omba ratiba ya vitafunwa ya mwezi mzima. Kisha fika siku ya kawaida, saa tatu na nusu asubuhi, ingia jikoni ufunue sufuria. Ukizuiwa mlangoni, hamisha mtoto.